Filamu Aliyoiacha Dada

3 Machi

Pilipili mwanangu,

Barua hii nimeianza asubuhi na sasa jua limeshahamia dirisha la pili, kwa hiyo usinicheke ukiona mistari inapanda mlima. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia, la sivyo sioni nilichoandika. Barua zako nazisoma kwa lenzi, neno moja moja, mchana kutwa, na sina haraka ya kwenda popote. Simu iache. Nikiiweka sikioni inanguruma tu. Endelea kuandika kwa herufi kubwa.

Kwenye kifurushi hiki utakuta kopo jeusi lenye mfuniko, gurudumu la plastiki la kuzungushia filamu, kipimajoto, pakiti mbili za dawa ya unga, na filamu moja mbovu ya kujifunzia. Ni vitu vyangu vya kusafishia picha. Najua utauliza, Baba, mimi fundi cherehani nina habari gani na makopo haya? Subiri nikueleze.

Dada yako alipokuja kunitembelea mwezi wa kumi na mbili nilimwekea filamu mpya kwenye kamera yake. Alirudi huko kwenu nayo, akaugua nayo, na nilipokuja kumzika niliiona juu ya kabati lenu. Nilipapasa kwa kidole pale juu penye namba inayohesabu picha zilizopigwa, nikamwomba jirani yenu anisomee. Akasema thelathini na nne. Picha thelathini na nne, Pilipili! Miezi miwili yake ya mwisho imo humo ndani na hakuna aliyeiona, hata yeye mwenyewe.

Mikono yangu bado inaijua kazi lakini macho yamestaafu kuliko mimi. Dukani sitaki ipelekwe. Siku hizi wanaosafisha filamu nyeusi na nyeupe wanahesabika, na hao waliobaki sitaki wawe wa kwanza kumwona mwanangu alichokuwa anakiona. Nataka wewe.

Kwanza itoe kwenye kamera. Chini kuna kitufe kidogo, kibonyeze. Juu upande wa kushoto kuna kipini, kikunjue, uzungushe polepole kufuata mshale. Utahisi filamu inakuvuta kidogo, kama uzi unaorudi kwenye kigurudumu. Usiogope. Zungusha mpaka uhisi imeachia, ndipo ufungue mgongo wa kamera. Usifungue kabla! Halafu niandikie, nitakwambia hatua za mbele.

Najua kile chumba changu cha giza sikukuingiza hata siku moja ulipokuwa mdogo. Nilikuwa naingia na dada yako tu. Hilo nalo nataka kulirekebisha kabla sijafa.

Baba yako.


14 Machi

Baba yangu,

Kifurushi kimefika, karani wa posta amekitikisa mara tatu akanitazama kama nimeagiza bomu.

Nianze na la mwisho, maana ndilo lililonikaba. Hukuniingiza kwa sababu nilifungua mlango. Nilikuwa na miaka sita, nilitaka maji ya kunywa, nikafungua, mwanga ukaingia, nikaunguza picha za harusi ya shangazi zote. Dada aliniambia baadaye hukunipiga kwa sababu ulikuwa huwezi hata kusema. Tangu hapo mimi ndiye yule anayefungua mlango. Hata nikivunja kikombe Dada alikuwa anasema, "Haya, kafungua mlango tena." Sasa unanipa mimi filamu yake ya mwisho. Baba, uko sawa kweli?

Lakini nitaifanya. Usithubutu kumpa mtu mwingine.

Nimeshaitoa. Nilibonyeza kitufe, nikazungusha kipini. Ulivyonitisha na kuvutwa vutwa, mimi sikuvutwa na chochote. Kilikuwa chepesi kabisa, mizunguko miwili mitatu kikawa kinajiendea tu. Nilizungusha zaidi kwa usalama, nikafungua, kikopo nikakikuta kimetulia mahali pake. Kwa hiyo hatua ya kwanza nimeshinda bila jasho.

Bafu letu halina dirisha. Nikiziba chini ya mlango kwa taulo kunakuwa giza la kaburi. (Nisamehe. Sijui nimeandikaje neno hilo, na sina karatasi nyingine.) Ile filamu mbovu nimeizungusha kwenye gurudumu mara kumi na saba nikiwa nimefumba macho. Mara tatu za mwisho imeingia yote bila kukunjamana. Vidole vya kushona vifungo vinasaidia.

Nambie hatua za mbele. Usiku silali vizuri, lakini hili la kusubiri filamu linanipa sababu ya kuamka.

Mwanao, Pilipili.


25 Machi

Pilipili,

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikaipumzisha siku kadhaa kabla ya kujibu. Nisamehe kwa kuchelewa.

Nimefikiri, mwanangu, huenda nimekutwisha mzigo. Una sare za shule za kumaliza, una msiba wako mwenyewe. Kama moyo haupo, kirudishe kikopo hicho hivyo hivyo kilivyo. Tutakiweka kabatini. Wapo watu wanaotunza vitu miaka mingi bila kuvifungua na wanaishi vizuri tu.

Lakini nakujua. Umeshazungusha mara kumi na saba, hutaacha. Basi sikiliza.

Koroga pakiti ya kwanza kwenye chupa yake, ya pili kwenye chupa yake, na uziwekee alama. Hapa hakuna mchezo. Dawa ya kwanza ndiyo inayoitoa picha. Ya pili inaifunga isipotee. Ukianza na ya pili, inakula picha yote, unabaki na plastiki tupu, na hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Dawa isiwe moto wala baridi, tia kipimajoto, kikisoma ishirini anza.

Gizani fungua kikopo kwa kifungulia soda, kata ule ulimi wa mwanzo kwa mkasi, zungusha filamu kwenye gurudumu, tia ndani ya kopo, funika. Baada ya hapo washa taa, hatari imekwisha. Mimina dawa ya kwanza, dakika tisa. Kila dakika pindua kopo mara nne, taratibu, kama unambembeleza mtoto ambaye hajalala sawasawa. Mimina nje. Suuza kwa maji yenye siki kidogo. Kisha dawa ya pili, dakika sita. Kisha maji ya bomba mpaka uchoke.

Halafu unafungua.

Hapo sina maneno, Pilipili. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi wa eksirei, nimepiga mifupa ya nusu ya wilaya na hakuna mfupa ulionitabasamia. Nikitoka kazini naingia bafuni kwangu na kopo hili. Ukiivuta filamu kutoka kwenye maji, bado inadondoka, ukaiinua kwenye taa, ukaona watu wadogo wamejipanga humo ndani, weusi ni weupe na weupe ni weusi, unawajua wote! Mama yenu alikuwa anagonga mlango, "Mzee, wengine tunataka kuoga," na mimi nimesimama na suruali imelowa nacheka peke yangu. Furaha ile sijaipata kwenye kitu kingine. Dada yako aliijua. Nataka na wewe uijue, hata kama si kwa filamu hii.

Ikuletee chochote itakachokuletea, usijilaumu.

Baba yako.


4 Aprili
(Barua hii haikutumwa)

Baba,

Nimefungua mlango tena.

Nilifanya kila kitu kama ulivyosema. Chupa nilizitia alama kwa chaki ya kukatia nguo, ndiyo niliyokuwa nayo mkononi, namba moja na namba mbili. Chaki ya fundi, Baba! Ile inayofutika ukiigusa kwa maji! Kila siku naifuta kwenye nguo kwa kitambaa kibichi na bado sikufikiri. Nilipotoka gizani na kopo, mikono imelowa, nikazishika chupa zote mbili kuzisogeza kwenye sinki. Alama zikaondoka. Chupa mbili za rangi moja, maji ya rangi moja. Nikanusa. Nikajiambia hii yenye harufu kali ndiyo ya pili. Nikamimina nyingine. Nilikuwa na uhakika, Baba, wakati namimina nilikuwa na uhakika.

Nimeivuta filamu kutoka kwenye maji nikaiinua kwenye taa. Nyeupe. Unaona mpaka upande wa pili. Nimeipitisha yote, mita nzima na zaidi, mara tano, nikidhani labda Dada amejificha mwishoni. Hakuna mtu humo.

Nimekaa kwenye sakafu ya bafu mpaka jirani akagonga.

Ulinionya. Ulisema hakuna mchezo. Nimemuua mara ya pili na sijui nitakwambiaje.


7 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Zimetoka!

Si zote. Nyingi mwanga uliziingilia, sijui vipi, zimekuwa nyeupe kabisa. Lakini tisa ni safi. Macho yako yakiwa bado yamegoma, acha nikuangalizie mimi.

Ya kwanza ni wewe. Umesimama mlangoni kwako, mkono mmoja umeukinga juu ya macho, kifungo cha pili cha shati kimeingia tundu la tatu. Inaonekana unamwambia kitu, mdomo uko wazi. Bila shaka unamsahihisha.

Ya pili, paka wa jirani amelala juu ya cherehani yangu, mkia umening'inia kwenye gurudumu. Ya tatu, masweta ya shule yamepangwa mpaka dirishani na mwanga unapita katikati ya mikono yake. Ya nne ni mwuza magazeti wa kona yetu, amesinzia, gazeti usoni.

Ya tano nimeipenda kuliko zote. Ni Dada mwenyewe kwenye kioo cha duka la viatu. Kamera imemficha macho, lakini chini yake unaona anacheka. Amevaa lile koti langu alilokuwa anakataa kwamba amelichukua. Amenenepa kidogo, Baba. Haonekani mgonjwa hata chembe.

Nyingine ni za hospitali, lakini si za kuhuzunisha. Muuguzi anakula chungwa dirishani. Miguu ya mtu kwenye kitanda cha pili, soksi haziendani. Kivuli cha chandarua ukutani. Na ya tisa ni mkono wake mwenyewe, wa kushoto, juu ya shuka, kiganja kikiangalia juu.

Nimezikausha kwa vibanio vya nguo. Kweli furaha yake haielezeki.

Mwanao, Pilipili.


18 Aprili

Pilipili wangu,

Barua yako iko mfukoni mwa shati. Nimeisoma kwa lenzi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Ile ya kioo cha duka la viatu nimeirudia hata sijui mara ngapi. Sikujua mwanangu wa pili ana macho namna hii. Miaka yote nilidhani jicho alilichukua dada yako lote.

Kuna jambo moja la ufundi nilisahau kukufundisha. Ni muhimu, kwa hiyo lishike. Pembeni mwa filamu, karibu na vile vitundu, kuna namba ndogo ndogo zilizowekwa kiwandani. Hazionekani mpaka filamu isafishwe sawasawa, dawa ya kwanza kwanza na ya pili baadaye. Ukikosea chupa, na namba zinapotea pamoja na picha. Ukiziona zipo, nyeusi, zinasomeka, basi ujue aliyesafisha hana kosa hata kidogo. Lolote jingine lililoharibika ulizia kwa aliyepiga picha, au kwa aliyeiweka filamu kwenye kamera. Msafishaji usimguse.

Ziangalie. Mwanafunzi mzuri huangalia namba zake.

Habari nyingine, daktari wa macho amenipangia upasuaji katikati ya mwezi ujao. Jicho moja kwanza. Anasema nitaona kama kijana, nikamwambia kijana gani, wengine hawaoni kitu. Nikipona, nitakuja kwenu kukaa siku mbili tatu.

Baba yako.


27 Aprili

Dada,

Sijui barua hii naipeleka wapi, lakini nisipoiandika nitapasuka, na wewe ndiye niliyekuwa nakupelekea mambo yangu yote.

Namba zipo.

Niliitoa ile filamu kwenye bahasha leo asubuhi, nikaiweka dirishani juu ya kitambaa cheupe. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na sita, nyeusi, ndogo kama punje za mtama. Sikukosea chupa. Pua yangu ilikuwa sahihi. Nilitaka kucheka, nikainuka nimwite jirani, nikafika mlangoni ndipo nikaelewa nilichokuwa nacheka.

Filamu haikuwahi kutembea. Haikushika pale inapotakiwa kushika, ikabaki imejikunja kwenye kikopo chake siku zote hizo, na wewe unavuta, unabofya, namba inapanda. Mara thelathini na nne ulifumba jicho moja ukachagua, na hakuna kilichokuwa kinakusubiri huko ndani.

Na aliyeiweka ni Baba. Amejisifia mwenyewe kwenye barua, nilimwekea filamu mpya kwenye kamera yake. Kwa macho yale. Sasa anakatwa jicho ili aje azione.

Hawezi kujua, Dada. Akijua kwamba ni mkono wake, hatamaliza mwaka. Mimi nimeshazoea kuwa mharibifu wa nyumba, nina uzoefu wa miaka zaidi ya ishirini. Nitalibeba hili.


29 Aprili

Baba yangu,

Nina habari mbaya, na ukinikasirikia nitakuelewa.

Zile picha ziliungua. Nilikuwa nimezitia kwenye bahasha juu ya meza ya kupigia pasi, nikawa nahangaika na kola za sare, mteja akaniita mlangoni, nikaiweka pasi bila kuangalia. Niliporudi bahasha ilikuwa imeshika moto. Filamu imeyeyuka, imebaki donge. Nimelitupa, nisingeweza kulitazama.

Namba niliziangalia kabla ya hapo. Zilikuwepo, zote, safi kabisa. Kwa hiyo wewe na mimi tulifanya kazi nzuri, na Dada alipiga vizuri, na mimi ndiye niliyekuja kuharibu mwishoni. Unanijua.

Usije kwa ajili ya picha, basi. Njoo kunisalimia tu ukitaka, na usipotaka sitakulaumu. Upasuaji wako uwe wa heri. Nimekushonea pajama mbili za hospitalini, mfuko uko kushoto unapopenda.

Naomba unisamehe.

Pilipili.


2 Juni

Pilipili mwanangu,

Unaona herufi zangu zilivyokuwa ndogo? Jicho la kulia limefunguka. Kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa ni kucha zangu, chafu, na hakuna aliyewahi kuniambia. Cha pili ni barua zako. Nimezisoma upya zote kwa siku moja, bila lenzi, nikiwa nimevaa pajama yako.

Sasa tuongee kama watu wazima.

Hakuna pasi iliyounguza kitu. Hapakuwa na cha kuungua. Nimelijua hilo tangu barua yako ya tarehe kumi na nne Machi, ulipoandika kwamba kipini kilikuwa chepesi. Filamu iliyotembea haiwi nyepesi, Pilipili. Inavuta. Nilisoma neno lile kwa lenzi, nikalisoma tena, nikajua papo hapo nimefanya nini. Zile siku nilizokaa kimya sikuwa napumzisha barua, nilikuwa nimelala kitandani nimegeukia ukuta.

Ningekwambia. Nilijaribu, nikakwambia kirudishe kikopo. Lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, nikajisemea huyu ni mgeni wa kamera, labda hakujua kuhisi, labda kuna picha mbili tatu. Nikakuandikia hatua zote. Halafu zikaja picha tisa.

Sitakuficha, nilikaa na barua ile kibarazani nikalia kwa furaha, na nilikuwa najua kuwa ni uongo. Vyote viwili kwa pamoja. Nikafikiri, mtoto huyu ameikuta tupu, na atakuwa anadhani ni yeye. Tangu miaka sita anadhani ni yeye. Ndiyo maana nikakuandikia habari za namba, ili ujue kwamba si wewe. Nilikupa njia ya kutoka na nikakuelekezea mlango wangu. Nilikuwa nasubiri uje unishutumu. Badala yake ukaniletea pasi.

Ukweli ni huu. Siku ile dada yako aliniambia, "Baba, lete niiweke mwenyewe, huoni." Nikamwambia nimeanza kuweka filamu kabla hujazaliwa. Nilipofunga ule mgongo aliniuliza, "Imeshika?" Nikasema imeshika. Hakuangalia, Pilipili. Angeweza kufungua akaangalia, ni sekunde tu, lakini hakutaka kunidhalilisha. Alibeba kamera tupu kwa heshima yangu.

Hilo ni langu, na ninakuomba usinipunguzie. Na picha za harusi ya shangazi, mlango nilikuwa sikuufunga kwa ndani. Nilisahau. Nilikuacha ubebe hilo kwa sababu ulikuwa mdogo na mimi nilikuwa mkubwa na mwenye jina la ufundi. Nisamehe, kama unaweza.

Sasa nina ombi, na ukilikataa nitanyamaza. Namba ilisoma thelathini na nne. Wewe umeniandikia tisa. Najua zimetoka kichwani mwako, na sijali. Ulikaa naye miezi ile miwili na mimi sikukaa. Niandikie zilizobaki.

Baba yako.


11 Juni

Baba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikafunga duka mapema. Kuhusu mlango, nitakasirika siku nyingine. Leo siwezi, nimechoka, na ninakupenda.

Nitakuandikia. Lakini zile tisa nilizitunga, na ya kumi sikuitunga. Hii ilipigwa kweli, nilikuwepo.

Ilikuwa mchana, siku tatu kabla hatujampeleka hospitali. Nilikuwa uani kwenye sinki, nimemgeuzia mgongo, nimefungulia bomba kwa nguvu ili asinisikie nikilia. Sikuwa na nguo ya kufua, nilikuwa nakamua kitambaa kilichokwisha kauka. Nikasikia kamera imelia nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa mlangoni, ameegemea kizingiti kwa sababu miguu haikuwa inamshika vizuri, na kamera bado iko jichoni.

Akasema, "Mbona umegeuka? Ulikuwa vizuri."

Nikamwambia, "Hebu niache! Jifunze kuumwa kama watu wengine!"

Ndivyo nilivyomwambia, Baba. Akashusha kamera. Akasema, "Haya, samahani, Pilipili," akarudi ndani taratibu, ameshika ukuta. Sikumfuata. Nilikuwa nimekasirika kwamba ameniona. Baada ya hapo hakuninyooshea tena kamera, na sisi wenyewe hatukulizungumza, tulikuwa tunadhani wakati upo.

Mimi si wewe, sikuwa natafuta picha zote. Siku ile bafuni nilipoiinua filamu kwenye taa nilikuwa natafuta moja tu, mtu amesimama kwenye sinki, kwa nyuma. Nilitaka kujua kama mgongo wangu ulikuwa unaonyesha kwamba nalia. Nilitaka kuona alivyokuwa ananiona.

Mwanao.